Wajumbe Waliridhia

Kamati imenipa kazi ya kuandika wasifu wa mwenyekiti wetu wa kwanza. Ukurasa mmoja tu, wakasema, utawekewa kioo na kutundikwa ofisini, pale juu ya kabati la mafaili. Nimeanza mara nne. Mara nne nimefika kwenye ule mwaka wa tatu wa chama, nikainuka kwenda kunywa maji, nikajikuta nafuta vumbi kwenye mashine ya kopi ambayo haina vumbi. Basi nimekata shauri. Huu hapa ni wasifu mrefu, na wa kutundika ukutani nitaukata humu humu siku nitakayokuwa na roho ya kuukata.

Hapa mtaani anaitwa Mama Kipimo. Ni fundi cherehani, na futi ya kupimia haitoki shingoni mwake hata akienda msibani. Ukimwambia barabara ina mashimo, anakuuliza mangapi. Ukimwambia watu walikuwa wengi, anakuuliza wengi wa kujaza chumba kipi. Kwangu ni shemeji, mke wa marehemu kaka yangu. Ndiye aliyenilisha miaka miwili nilipokuwa sina mbele wala nyuma, na nguo alizoshona ndizo zilizoninunulia kompyuta yangu ya kwanza. Nayataja haya mapema ili msije mkanionea huruma huko mbele.

Vijana hawajui, lakini kulikuwa na miaka ambapo watu watano wakikaa barazani kuzungumzia taka, wa sita alikuwa ametumwa kusikiliza. Halafu sheria ikabadilika. Redio ikatangaza kwamba sasa tunaweza kupiga kura kumchagua tumtakaye, na tunaweza kuunda vyama vyetu wenyewe na kusema yanayotukera. Tulishangilia kweli kweli, tukarudi nyumbani tukalala. Mama Kipimo peke yake ndiye aliyeamka asubuhi akaenda baraza la mji kuulizia fomu.

“Fomu ya nini, mama?” karani akamuuliza. “Ya kikundi cha ushonaji?”

“Ya chama cha wakazi.”

“Kitafanya nini hicho chama?”

“Kitawauliza nyinyi maswali.”

Wakamzungusha. Leo mhusika hayupo, kesho fomu zimekwisha, keshokutwa mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo anaumwa. Alirudi mara saba. Mara ya saba alibeba cherehani yake ya mkono, akaiweka kwenye benchi la wageni, akaanza kukunja pindo la suruali ya mteja huku anasubiri. Makelele ya ile mashine yaliingia mpaka ofisi ya ndani kabisa, na mhuri ukapatikana siku hiyo hiyo. Kisa hiki ndicho watu wanachopenda kukisimulia, na kwenye ule ukurasa wa ukutani bila shaka kitakuwemo.

Chama kilianza na watu kumi na wanane kwenye darasa la shule, tumekalia madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu nina duka la kuchapa na kutoa kopi, na kwa sababu, nisijifiche, nilijipendekeza. Nilikuwa napenda kuitwa Katibu. Hata leo mtu akiniita jina langu la nyumbani barabarani sigeuki haraka.

Mama Kipimo aliweka sharti moja tu, na hilo sharti nililichukia. Kila mkutano uanze kwa kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, neno kwa neno, kwa sauti, na mtu yeyote, hata mgeni, awe na haki ya kusimama na kusema “sivyo tulivyosema.” Na muhtasari usitoke nje ya chama kabla haujasomwa hivyo. Jamani, mateso! Mimi nimeandika Kiswahili changu safi, nimekipiga pasi, halafu anasimama fundi baiskeli mikono imejaa grisi ananiambia, “Katibu, mimi sikusema ‘miundombinu’. Nilisema mtaro.” Ikabidi nifute miundombinu niandike mtaro. Nilikuwa narudi nyumbani nimevimba, mke wangu ananiuliza, “Leo wamekufuta neno gani?”

Sasa sikilizeni jinsi nilivyokuwa nafanya kazi, maana kosa lote limekaa hapo. Mkutanoni nilikuwa naandika kwa mkono kwenye daftari, haraka haraka, maneno kama yalivyotoka vinywani. Dukani nikifika, siandiki upya. Nafungua faili la mwezi uliopita kwenye kompyuta, nabadilisha tarehe, nabadilisha vichwa vya ajenda na maelezo ya katikati. Mkia wa kila ajenda unabaki ule ule, maana mkia ulikuwa mmoja siku zote: *Wajumbe waliridhia.* Wajumbe waliridhia taa iwekwe. Wajumbe waliridhia diwani aitwe. Nililipenda lile neno. “Walikubali” lilikuwa neno la sokoni. “Waliridhia” lilikuwa limevaa tai.

Mwaka wa tatu, mwezi wa mwisho kabla shule hazijafunguliwa, alikuja mkutanoni ofisa mipango wa baraza la mji. Sisi tulimwita Bwana Mipango. Mtu mzuri wa sura, ana sauti ya kubembeleza, amebeba michoro ya rangi. Akatueleza kwamba kile chumba cha kujifungulia pale kwenye zahanati yetu kitageuzwa kuwa ofisi ya usajili, na akina mama watakuwa wanakwenda hospitali ya mjini, ambako huduma ni bora zaidi.

Msusi akasimama. Huyu msusi tulimwita Mama Maswali, alikuwa anakaa karibu na mlango siku zote na hakuna mkutano uliokwisha bila yeye kuuliza. “Mjini ni mwendo wa saa moja na nusu,” akasema. “Mtu akishikwa na uchungu alfajiri, anakwenda na nini?”

“Hilo liko kwenye awamu ya pili, mama,” Bwana Mipango akajibu.

“Na mtoto naye asubiri awamu ya pili?”

Darasa zima likacheka. Bwana Mipango naye akacheka, kwa ustaarabu. Mwishoni Mama Kipimo akasema, “Tumekusikia, ofisa. Hatujakubali. Tupe mwezi mmoja tuzungumze na akina mama wenyewe.” Nikayaandika hayo kwenye daftari kwa mkono wangu huu. *Hatujakubali. Tunaomba mwezi mmoja.* Nikapiga mstari chini yake.

Siku tatu baadaye Bwana Mipango akaja dukani kwangu na gari la baraza. Akasema kati ya mihtasari yote anayoletewa mjini, hakuna iliyoandikwa kama ya kwangu. “Wewe ulipaswa kuwa ofisini kwetu,” akaniambia. Lo, nikavimba kichwa! Nikamwagiza soda. Akaniomba nakala ya muhtasari iliyosainiwa, ya kumbukumbu tu, dereva angeipitia saa nane. Nikamwambia ni utaratibu wetu kwanza usomwe. Akatabasamu. “Katibu wa kiwango chako bado unasahihishwa na darasa?”

Hapo ndipo aliponipata. Nikaketi kwenye kompyuta, nikafungua faili la mwezi uliopita, nikabadilisha tarehe, nikabadilisha kichwa, nikajaza maelezo ya Bwana Mipango kwa ufasaha ambao mpaka leo unanitia kichefuchefu. Mkia nikauacha. Haki ya Mungu, sikuuona. Jicho lilipita juu yake kama linavyopita juu ya mlango wa nyumbani kwako.

Nikakimbia mpaka kwa Mama Kipimo. Ilikuwa wiki ya sare za shule. Amezama kwenye kaptula na mashati, wazazi wamepanga foleni mpaka nje, pini zimejaa mdomoni. Nikamwekea karatasi juu ya kitambaa.

“Hii haijasomwa,” akasema na pini zake.

“Dereva anasubiri, shemeji. Ni kumbukumbu tu. Tutaisoma mkutano ujao kama kawaida.”

“Umeandika tulivyosema?”

“Shemeji! Mimi tena?”

Akanitazama. Halafu akafuta chaki mkononi, akasaini. Mara moja tu katika miaka mitatu alivunja sharti lake mwenyewe, na aliyemvunjisha ni mimi.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa zahanati wiki mbili baadaye. *Kwa kuzingatia ridhaa ya wakazi kama ilivyo katika muhtasari wao*, na tarehe, na jina la mwenyekiti aliyesaini. Chumba kingefungwa mwisho wa mwezi. Mwenye pingamizi awasilishe ndani ya siku sitini.

Niliposikia nilikwenda kuifungua kopi yangu. Nikaliona neno limekaa pale chini, na tai yake.  Kosa, ndiyo. Lakini mpaka hapo lilikuwa kosa tu, na kosa linasahihishwa. Kumbe ya kutisha yalikuwa bado.

Asubuhi iliyofuata Mama Kipimo akaingia dukani. Kulikuwa na wateja wawili, mmoja anataka kopi ya cheti, mwingine anachagua bahasha. Ukutani nyuma yangu nilikuwa nimetundika barua ya Bwana Mipango ya kunipongeza, nimeiwekea plastiki. Hakunifokea. Aliegemea kaunta, akasema kwa sauti ya chini, “Katibu, lile daftari lako la mkono unalo?”

Daftari lilikuwa kwenye droo. Goti langu lilikuwa linaigusa ile droo. Ningesema “ninalo,” tungekwenda wote wawili baraza siku ile ile, tungewaonyesha ule mstari niliopiga, neno lingefutwa. Ningeaibika wiki moja, ningetaniwa mwezi mmoja, basi. Lakini wale wateja wawili walikuwa wamegeuka wananiangalia, na yule wa bahasha alishaanza kuisoma barua yangu ya pongezi.

“Nilishalitupa, shemeji,” nikasema.

“Umelitupa.”

“Lilijaa.”

 Akanyoosha mkono, akaniondoa uzi kwenye kola ya shati, shati alilonishonea yeye. “Haya,” akasema, akaondoka.

Mkutano uliofuata darasa halikutosha, watu walisimama mpaka madirishani. Tangazo lilitaja jina moja tu, la mwenyekiti, na hakuna aliyeuliza nani aliandika. Yule fundi baiskeli, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, alipiga dawati kwa ngumi.

“Umetuuza, mama! Sahihi hii ni ya nani?”

“Yangu,” Mama Kipimo akajibu.

“Ulisoma kabla ya kusaini?”

“Sikusoma.”

“Kwa hiyo wewe unayetusomesha sisi mpaka nukta, hukusoma?”

“Sikusoma,” akarudia. Wala hakunitazama. Angenitazama tu, hata kwa kuibia, pengine ningesimama. Sijui. Huwa najipa moyo kwamba ningesimama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kwenye daftari jipya, nimevaa miwani ya mbao, naandika. Akaachia uenyekiti jioni ile ile, kiti akapewa mwalimu mstaafu. Dukani nikachapa: *Mwenyekiti alijiuzulu. Wajumbe waliridhia.* Safari hii neno lilikuwa la kweli.

Wakambandika jina jingine, Mama Sahihi. Wateja wakaanza kupeleka vitambaa vyao ng'ambo ya soko, kwa fundi ambaye kila mtu anajua mikono yake ya shati hailingani. Nikipita mlangoni kwake namkuta amekaa, futi shingoni, cherehani imefunikwa. Ananiita, “Katibu, hujambo?” Najibu huku natembea. Mke wangu akaniambia nimeanza kuongea usingizini, nasema sivyo, sivyo. Akauliza sivyo nini. Nikamwambia ni hesabu za wino. Nafsi ilikuwa inanisuta, na mimi naifungia droo ile ile.

Mke wa fundi baiskeli alijifungua mwezi wa nne tangu chumba kifungwe. Alijifungulia kwenye mkokoteni, pale barabara inapokata kona kuelekea mjini, ameshikwa mkono na mwuza mkaa aliyekuwa anapita. Mtoto akatoka mzima, ana mapafu ya mpiga tarumbeta. Wakamwita Kona. Mtaa mzima ulicheka, na ni jina la kuchekesha kweli, mama mtu mwenyewe anacheka akilisimulia. Mimi kila nikisikia “Kona, njoo!” naenda kusimama nyuma ya mashine ya kopi. Ni jina ambalo nimelichapa mimi.

Chumba kilikuja kufunguliwa tena, niwaambie sasa hivi msihangaike. Ni mwaka na miezi minne baadaye, baada ya uchaguzi na diwani mpya. Nawaambia hivi ili mjue hadithi yangu haina mwisho wa kusema chumba kilipotea milele kwa ajili yangu. Lakini na mimba nazo hazikungoja uchaguzi.

Ulipofika mwezi wa nane tangu ule mkutano wa Bwana Mipango, nilikwenda baraza la mji kuhuisha leseni ya duka. Karani wa masjala akanitambua. “Wewe si katibu wa kile chama? Faili lenu lile la zahanati linatakiwa liende stoo. Nisainie hapa kwamba limefungwa.” Akanisukumia faili. Mtu mwingine angesaini. Lakini mimi ni mtu wa karatasi, siwezi kushika faili bila kulifungua.

Juu kabisa kulikuwa na barua ya Mama Kipimo, kwa mwandiko wake wa kupima, kila herufi imesimama mbali na mwenzake. Nikatazama tarehe. Aliiandika siku mbili tu baada ya kuja dukani kwangu. Nyuma yake ameambatisha kopi ya ukurasa wa daftari lake la vipimo. *Kifua 38, kiuno 31, urefu wa mkono 23.* Halafu chini ya vipimo vya mtu, *Ofisa kaja. Chumba kifungwe. Tumesema hatujakubali, atupe mwezi.* Kopi ile haikutolewa kwenye mashine yangu. Mashine yangu inaacha mstari mweusi pembeni kulia, na ile ilikuwa safi. Alikwenda kutoa kopi mbali ili asinitie aibu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi, na naijua kwa moyo. “Nilisaini bila kusoma, kosa ni langu. Lakini tulichosema ni hiki nilichoandika kwenye daftari langu la kazi. La katibu lipo, tangu nimjue hajawahi kutupa karatasi. Ni mtu wa kuona haya lakini si mtu mbaya. Atalileta mwenyewe. Naomba mumsubiri.”

Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, *Daftari la fundi si kumbukumbu rasmi. Lisubiriwe la katibu.* Na chini yake, mwandiko ule ule, tarehe nyingine: *Siku sitini zimekwisha. Katibu hakufika.*

Karani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sikusaini. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja dukani, nikavuta droo, nikachukua daftari, nikatembea mpaka kwa shemeji yangu mchana kweupe. Alikuwa anafumua gauni kuukuu, nyuzi zimejaa mapajani. Nikamwekea daftari pale pale nilipowahi kumwekea ile karatasi. Nilitaka kusema mengi, nikatoa mawili tu.

“Nilikudanganya, shemeji.”

“Najua,” akasema. Hata hakulifungua. Akalisukuma kwa ncha ya mkasi likarudi upande wangu. “Mbona unaniletea mimi? Mimi nilikuwepo. Peleka kwa wasiojua.”

“Miezi yote hii hukuniambia kwamba unajua.”

“Nilikusubiri.” Akakata uzi. Ndipo sauti ikapanda, mara ya kwanza na ya mwisho. “Nilikusubiri siku sitini, wewe! Kila jioni nachelewa kufunga mlango nikidhani unakuja. Nimekosea kipimo chako. Mimi sikosei vipimo.”

Nikalichukua daftari, nikatoka. 

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Mwalimu mstaafu akafungua kikao, akafika kwenye masahihisho ya muhtasari, akauliza kama kawaida, kuna aliye na la kusahihisha? Nikasimama mimi, katibu. Nikawaambia nasahihisha muhtasari wa miezi minane iliyopita. Nikasoma kutoka kwenye daftari, na ule mstari nikaueleza. Nikaeleza faili la kunakili, mkia, soda ya Bwana Mipango, pini mdomoni mwa Mama Kipimo. Nikaeleza droo. Nilipofika kwenye droo fundi baiskeli aliweka mikono yake kichwani, hakuitoa. Kona alikuwa mapajani mwa mama yake anapiga dawati kwa mateke.

Nikamaliza hivi: “Mama Kipimo hakuwauza. Nimewauza mimi, na yeye nikamuuza pia. Naomba mnisamehe, na ukatibu nauachia leo.”

“Wajumbe,” mwalimu akasema, “mnasemaje?”

 Pale karibu na mlango akasimama msusi.

Huyu sijamtaja tena tangu ule mkutano wa Bwana Mipango, na sijamtaja kwa makusudi, nilikuwa namkimbia hata humu kwenye karatasi. Alikuwa ameshika mimba baada ya miaka tisa ya kuhangaika. Ule mkutano aliouliza mtu akishikwa na uchungu alfajiri anakwenda na nini, hakuna aliyejua kwamba anauliza la kwake. Alishikwa na uchungu alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha, mkokoteni ukazama matopeni nyuma ya shule.

Jumamosi ile hakuuliza swali. Alisema tu, “Wangu hakufika hata pale kwenye kona.” Akaketi.

Yule mama wa Kona akamfunika mwanawe kwa kanga, kama mtu aliyeona aibu kuwa naye.

  Mama Kipimo alikuwa amekaa nyuma kabisa, dawati la mwisho, na ndiye aliyezungumza.

“Ukatibu haachii,” akasema. “Akiondoka huyu tutaleta mwingine ambaye hajui neno linaweza kufanya nini. Kaa, uandike.”

“Niandike nini, shemeji?”

“Kilichosemwa.”

Nikakaa. Niliandika maneno ya msusi kama yalivyotoka, sikuongeza wala kupunguza. Nikafika kwenye mkia. Nilikuwa nawatazama watu wale mmoja mmoja, fundi baiskeli, mwalimu, akina mama wa madirishani, nikitafuta uso utakaoniruhusu kuandika kwamba nimesamehewa. Mkono nao, kwa mazoea yake ya kulaaniwa, ulishaandika “Wajumbe waliri—”. Nikakata. Nikaandika neno jingine juu yake, nikasimama kusoma, maana sharti la Mama Kipimo ni muhtasari usitoke humu bila kusomwa.

“Katibu aliomba msamaha,” nikasoma. “Wajumbe walisikiliza.”

Nikasubiri mtu yeyote asimame aseme sivyo tulivyosema. Hakusimama mtu.